Etheni au Ethini? Istilahi za Kemia ya Kaboni katika Darasa la Sekondari

Katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania, mwanafunzi husoma sayansi kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha huikuta sekondari ikifundishwa kwa Kiingereza. Kwamba Kiswahili hakina istilahi ni hoja iliyochelewa: TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Linalostahili kuchunguzwa ni kama istilahi hizo zinamfikisha mwanafunzi kwenye dhana.

Jina la taaluma lenyewe ni mfano. Wataalamu wa awali, Berzelius miongoni mwao, waliamini kwamba michanganyiko ya viumbe hai huhitaji nguvu ya uhai ili itokee. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler alipata urea, kitu kinachopatikana katika mkojo, kwa kupasha moto chumvi ya amonia. Kwa hiyo anayeliita somo hili "kemia hai" humrudishia mwanafunzi imani ambayo sayansi imekwisha kuiacha. "Kemia ya kaboni" ni afadhali, ingawa mawe ya chokaa nayo yana kaboni na hayasomwi humo.

Tatizo kubwa zaidi limo katika irabu. Mwaka 1866 August Wilhelm von Hofmann alipendekeza majina ya haidrokaboni yatofautishwe kwa mfuatano wa irabu a, e, i, na mkutano wa Geneva wa mwaka 1892 ukaujenga utaratibu juu ya msingi wa namna hiyo. Tukichukua tahajia, Kiswahili hupata ethani (C2H6), yenye bondi moja kati ya kaboni zake mbili. Etheni (C2H4), yenye bondi mbili. Na ethini (C2H2), yenye tatu. Sauti ya "th" haimsumbui mtu anayehesabu thelathini. Lakini tukichukua matamshi ya Kiingereza, ya kwanza huwa "etheni", ya pili "ethini" na ya tatu "ethaini". Mwalimu anayetamka hivi mbele ya kitabu kilichoandikwa vile huwa ametaja gesi moja na mwanafunzi ameandika nyingine, na wote wawili wakijiona sahihi. (Wapo pia watakaosikia katika "propeni" amri kwa watu wengi, kama "leteni", hilo ni la kuchekesha tu, halipotoshi.)

Gesi hizi si herufi tupu. Mama anayevundika ndizi kwa kuzifunika huzuia etheni zinayoitoa isitoroke, nayo huharakisha kuiva. Ethani haifanyi kazi hiyo. Ethini ndiyo ichomwayo pamoja na oksijeni katika karakana za kuchomelea vyuma. Mwalimu akianza na neno "kuvundika", ambalo mtoto amelisikia nyumbani, bondi mbili hupata mahali pa kukaa kabla ya fomula kuandikwa ubaoni. Kiswahili hapa hakitafsiri somo, kinalitangulia.

Ndiyo maana utohozi wa istilahi hizi sharti ufuate tahajia, na kanuni hiyo iandikwe katika utangulizi wa kila kitabu cha kiada, pamoja na mwongozo wa matamshi kwa mwalimu, kwani yeye ndiye aliyezoea kusikia vingine chuoni.