Neno "Mgeni"

Leo tulichungue neno moja mlitamkalo kila siku: mgeni.

Maana yake ya kwanza yapendeza. Mgeni ni yule abishaye hodi, akapewa kiti, maji na chakula. Lakini mgeni ni pia yule asiye wa hapa. Kifaransa huwatenga hao wawili, yaani invité na étranger. Kiswahili huwaita kwa jina moja. Aliye kinyume chao ni mwenyeji, na katika neno hilo twasikia "mwenye mji".

Yako maneno mengine yaliyo jirani nalo. Msafiri hupita tu. Mhamiaji amekuja kukaa. Mkimbizi amekimbia hatari; nayo mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 humhesabu kuwa mkimbizi yule tu aliyevuka mpaka wa nchi yake. Basi mtu wa Masisi aliyekimbilia Walikale kwa ajili ya vita si mkimbizi kwa sheria hiyo, ingawa amelala porini na watoto wake.

Na yule aliyehamishwa tumwiteje? Tangu mwaka 1937 hadi 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, kwa kuwa kule watu walikuwa wengi na njaa ilikuwa kali, na huku mashamba ya wazungu yalihitaji vibarua. Wahunde, wenyeji wa milima ile, waliona ardhi yao ikipungua. Uchungu wao ni wa kweli, nao haufai kufichwa. Lakini wajukuu wa wale walioletwa, waliozaliwa papa hapa, bado huitwa wageni, wala hakuna awapaye kiti.

Mimi mwenyewe nilikosea. Siku moja, nikiandikisha watoto wa mafundisho, niliandika "mgeni" mbele ya jina la mtoto mmoja. Mama mzee aliyemleta hakujua kusoma, akaniuliza nimeandika nini. Nikamwambia. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwalimu, baba yangu na mume wangu wamezikwa nyuma ya kanisa hili. Mgeni huzikwa kwao ama huzikwa kwa watu?"

Sikuwa na jibu. Nililikata neno lile kwa wino, nikamwuliza jina la kilima chao, nikaliandika.