SOMO LA 17: KOMPYUTA MPYA INAPOZIMIKA OVYO

Leo tutaeleza ugonjwa mmoja unaopata kompyuta zilizoundwa nyumbani, na namna ya kuutafuta. Fungueni daftari zenu, mshike kalamu.

Tuseme yuko kijana aliyeweka akiba kwa muda mrefu. Alinunua vipande vya kompyuta kimoja kimoja, akaviunga mwenyewe. Nia yake ni kufungua chumba cha michezo, watu walipe wacheze. Siku ya kwanza mashine inawaka vizuri. Mchezo unaanza. Baada ya nusu saa picha inaganda. Mara nyingine kioo kizima kinageuka buluu, kisha mashine inajizima na kujiwasha yenyewe. Mteja anadai fedha yake. Jirani mmoja anasema, “Badili kadi ya picha.” Mwingine anasema, “Huo ni umeme tu.” Kijana akiwafuata wote, fedha zitakwisha na ugonjwa utabaki pale pale.

Basi afanye nini? Apime kwanza, ndipo anunue. Na aanze na kumbukumbu.

Kumbukumbu ni nini? Ni vijiti vyembamba vinavyochomekwa katika ubao mkuu wa kompyuta. Mafundi huviita ramu. Kazi yake ni kushika mambo ambayo mashine inayafanyia kazi sasa hivi. Ni kama ubao wa darasa: mwalimu huandika, wanafunzi husoma, kisha hufutwa. Ukizima mashine, ramu husahau yote.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya kompyuta kila herufi ni safu ya alama mbili tu, 0 na 1. Herufi ndogo a huandikwa 01100001. Herufi ndogo e huandikwa 01100101. Ziandikeni moja chini ya nyingine, mzilinganishe. Mmeona? Zinatofautiana kwa alama moja tu. Kwa hiyo ramu ikikosea alama moja, neno “baba” laweza kuwa “beba”. Na ramu ya gigabaiti 16 ina nafasi za alama zaidi ya bilioni 137! Nafasi moja ikiwa mbovu yatosha kuangusha mchezo. Tena yaweza kubadili tarakimu katika hesabu za duka, kimya kimya, wala mtu asijue. Hiyo ni hatari kuliko kuzimika.

Kwa nini kumbukumbu mpya ikosee? Mara nyingi sababu ni kasi. Ramu ya aina ya DDR5 iliyoandikwa 6000 kwa kawaida huanza kazi kwa kasi ndogo zaidi, kama 4800. Ili ifike 6000, mwenye mashine huwasha mpangilio maalumu. Kampuni ya Intel huuita XMP. Kampuni ya AMD ilitoa wake mwaka 2022, ukaitwa EXPO. Mpangilio huo huongeza kasi, na mara nyingi huongeza umeme pia, kutoka volti 1.1 hadi kama volti 1.35. Lakini kijiti hakifanyi kazi peke yake. Prosesa na ubao mkuu navyo lazima viweze kasi hiyo. Visipoweza, makosa hutokea ingawa kijiti ni kizima.

Sasa tufuate hatua. Ziandikeni.

Hatua ya kwanza. Zima mashine, chomoa waya wa umeme. Gusa chuma kitupu cha kasha, ili umeme ulio mwilini mwako usiharibu vipande. Toa vijiti, uvirudishe kwa kubana mpaka vishike sawasawa. Ubao wenye matundu manne ukiwa na vijiti viwili, kwa kawaida hukaa katika tundu la pili na la nne, ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Soma kitabu cha ubao wako uhakikishe.

Hatua ya pili. Ingia katika baiosi, yaani mipangilio inayosomwa mashine inapoamka, uzime XMP au EXPO. Mashine ya DDR5 ikiwashwa baada ya mabadiliko, kioo chaweza kubaki cheusi kwa dakika kadhaa. Inajipima. Usikate umeme, ngoja.

Hatua ya tatu. Tia programu ya MemTest86 katika flashi, uwashe mashine kwa flashi hiyo. Iache izunguke mara nne, hata kama ni usiku kucha. Makosa yanayoruhusiwa ni 0. Kosa moja ni kosa.

Hatua ya nne. Yakitokea makosa, pima kijiti kimoja kimoja katika tundu lile lile. Kimoja kikikosea na kingine kisikosee, kijiti hicho ndicho kibovu. Vikikosea vyote viwili, vihamishe tundu jingine. Vikipona huko, shaka inaangukia tundu au ubao.

Hatua ya tano. Mashine ikipita mtihani kwa kasi ndogo, sasisha baiosi, kisha pandisha kasi kidogo kidogo ukipima tena. Ikigoma kwa 6000 lakini ikatulia kwa 5600, itumie kwa 5600. Mteja anataka mchezo usiokatika. Wala usichanganye vijiti vya paketi mbali mbali. Vilivyouzwa pamoja vilipimwa pamoja.

Katika kila hatua badili kitu kimoja tu, kisha andika: tarehe, ulichobadili, na kilichotokea. Ukibadili vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Je, kumbukumbu ikiwa safi na mashine bado inaanguka? Pima joto, kisha umeme. Usiamini haraka maneno ya kioo. Mwaka 2024 Intel ilitangaza kwamba prosesa zake kadhaa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipata volti kubwa kupita kiasi na kuharibika. Michezo mingine katika mashine hizo ilitoa taarifa kwamba kumbukumbu ya picha haitoshi, kumbe mgonjwa alikuwa prosesa. Intel ilitoa marekebisho ya baiosi, ikaongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka miwili.

Kijana wetu akirudi dukani na maneno matupu, mwenye duka aweza kumkatalia. Akienda na daftari lenye tarehe na makosa ya kijiti kile kile, ana ushahidi mkononi. Hiyo ni faida moja ya kujua kuandika.

MASWALI
1. Ramu hufanya kazi gani?
2. Kwa nini tunabadili kitu kimoja tu kwa wakati?
3. Vijiti viwili vimekosea katika tundu moja, vikapona katika jingine. Shaka iko wapi?

Someni tena somo hili pamoja na mwalimu wenu. Kwaherini mpaka juma lijalo.