Usiitupe Figo kwa Sababu ya Kioo



Leo nazungumza na wewe uliyepandikizwa figo. Najua umetoka mbali. Ulikuwa unakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, masaa kama manne kwenye mashini, mpaka mama, kaka ama shangazi akakubali kupasuliwa akupe figo yake moja. Alhamdulillah.

Sasa uko nyumbani, na kioo ndicho kinakusumbua. Uso umefura ukawa duara, mashavu yamejaa, chunusi zimetoka. Dada yangu, pengine wewe umeota nywele usoni. Ukienda harusini wanakwambia, "Masha Allah, umenona wewe!" Wao wanacheka, wewe unarudi kulia chumbani. Hapo ndipo linakuja lile wazo: niache tembe wiki moja tu, uso urudi.

Wallahi usifanye hivyo.

Mwili wako unaiona figo hiyo kama mgeni, hata ikiwa imetoka kwa mamako mzazi. Kinga ya mwili inataka kuishambulia, na dawa ndizo zinazoizuia. Ni kweli, prednisolone hufurisha uso na kuleta chunusi, na ciclosporin huotesha nywele. Lakini ukiziacha, figo yaweza kuharibika kimyakimya. Huumwi popote, mkojo unatoka kama kawaida. Ukija kupimwa damu, kreatinini imeshapanda, na mashini inakungoja tena.

Basi ufanye nini? Mwambie daktari ukweli: "Uso huu unaniumiza roho." Si upuzi, wala si kujiona. Kwa wengi, prednisolone hupunguzwa polepole kadiri miezi inavyopita, na uso nao hupungua. Dawa nyingine zaweza kubadilishwa. Ila anayepunguza ni daktari, si wewe. Weka kengele kwenye simu: kama zako ni za kila saa 12, basi saa moja asubuhi na saa moja usiku. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari kabla hujatia nia ya kufunga. Mgonjwa ana ruhusa, usione haya.

Na nyinyi marafiki zake, mashavu yake yaacheni. Mwulizeni tu, "Umemeza dawa leo?"

Mashavu yatapungua, inshallah. Figo ikishakufa, hairudi.

Wabillahi tawfiq.