Mvua Moja, Misitu Miwili: Kuainisha Misitu Mikavu ya Visiwani

Masika yakikolea, sehemu za msitu wa Jozani, Unguja, hufurika maji. Mitondoo na michikichi hunawiri humo, na kivuli chake ni kizito. Mwendo mfupi tu kutoka hapo yanaanza maweni: matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari ilipojitenga nayo, makali chini ya nyayo, udongo wake ukipatikana zaidi ndani ya nyufa. Huko midaa (ile ambayo mizizi yake huwapa wasusi wa mikeka rangi) na mikaaga hubaki mifupi, yenye majani magumu. Mvua ya pande zote mbili haitofautiani sana, maana Unguja hupata takribani milimita 1,600 kwa mwaka. Kinachotofautiana ni mahali maji yanapokwenda: Jozani hukaa karibu na mizizi, maweni hupenya mwamba na kupotea.

Mwaka 1947 Leslie Holdridge, mtaalamu wa misitu kutoka Marekani, alitoa mfumo wa kugawa uoto wa dunia kwa joto, mvua na uvukizi. Barani, kwenye nyanda pana, mfumo huo unafaa sana. Kwenye kisiwa cha matumbawe unapwaya, kwa kuwa mtondoo na mdaa hujikuta katika fungu moja. Frank White naye, katika ramani ya uoto wa Afrika iliyotolewa na UNESCO mwaka 1983, aliuweka ukanda wa pwani kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji katika kanda moja ya Zanzibar na Inhambane, akiieleza kuwa mchanganyiko wa aina nyingi za uoto. Kwa ramani ya bara zima hilo latosha. Kwa bwana msitu wa kijijini halimsaidii kitu.

Njia ya pili huanzia chini. Josias Braun-Blanquet, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1928, alifundisha kupima vipande vidogo vya ardhi, kuorodhesha kila spishi pamoja na eneo inalofunika, kisha kupanga orodha hizo hadi zinazofanana zikae pamoja. Leo kompyuta hufanya upangaji huo, lakini haijui historia ya shoka. Maweni yamelimwa kwa zamu vizazi na vizazi: watu hufyeka, huchoma, hupanda mihogo na kunde penye udongo, kisha huliacha shamba lipumzike. Visiki huchipua mashina mengi, na kipimo cha kipenyo usawa wa kifua kinavurugika. Kipande kilichoachwa juzi na kilichoachwa zamani vinaweza kuandikwa kuwa jamii mbili za mimea, ilhali ni msitu uleule katika umri tofauti.

Hali hiyo inafahamika pia Guánica, Puerto Rico, msitu mkavu wa mawe ya chokaa unaopata takribani milimita 860 za mvua na uliotambuliwa na UNESCO mwaka 1981 kuwa hifadhi ya biosfia. Penye mashamba na makazi ya zamani, mlusina wa kigeni bado ulitawala miongo kadhaa baada ya watu kuondoka. Palipokatwa kuni na kuachiwa visiki, miti ya asili ilirudi.

Ndiyo maana umri wa kichaka na matumizi yake ya zamani vinastahili safu yake katika jedwali, sambamba na mwamba na kina cha udongo. Wazee wanaolima maweni wanaweza kuijaza safu hiyo kabla mtafiti hajafungua daftari. Kwa paa nunga, mnyama adimu anayetegemea vichaka virefu vilivyoshikamana, tofauti ya umri huo ni tofauti ya kuwa na maficho au kutokuwa nayo, hata pale ramani inapovipaka vyote rangi moja.