Macho Makavu Wakati wa Kipupwe



Sisi tukaao Dodoma twaijua miezi ya Juni hadi Agosti: mvua hakuna, upepo wavuma, na vumbi laingia hata katika majalada. Ndipo makarani husugua macho wakilalama kwamba yanawasha kana kwamba yametiwa mchanga. Wengine hutokwa na machozi tele, wakakataa kuambiwa kuwa macho yao ni makavu. Kumbe jicho lililokauka hujitolea maji ya ghafula yasiyo na mafuta ya kutosha, nayo hayakai.

Mafuta hayo hutoka katika matezi madogo yaliyo ukingoni mwa kope, nasi huyaeneza kwa kupepesa macho. Lakini mtu asomaye tarakimu husahau kupepesa: mara zile 15 hivi kwa dakika hupungua zikawa nusu. Basi kila ukurasa uishapo, fumba macho kidogo. Jioni weka juu ya kope kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya vuguvugu, dakika 5 hadi 10. Wala usikae penye moshi wa jiko.

Linitialo hofu ni zile chupa za dawa zipitishwazo meza kwa meza. Baadhi zina steroidi: huondoa wekundu upesi, lakini zikitumiwa muda mrefu zaweza kuongeza shinikizo ndani ya jicho na kumpofusha mtu pasipo maumivu ya kumwonya. Taulo nayo isishirikiwe, maana vikope ni maradhi ya kuambukiza. Na mwenye maumivu makali, au aonaye ukungu usioondoka, aende kwa daktari siku ile ile, asingoje mshahara.