Volti, Ampea na Plagi Inayochemka

Kama kalamu na karatasi vipo karibu, vichukue, maana leo tunapiga hesabu, na tutaipigia kwenye pasi ya umeme.

Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230. Volti ndiyo msukumo. Ampea ni kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya. Tuseme pasi yako inavuta ampea 5. Gawanya 230 kwa 5, unapata 46. Huo ni ukinzani, yaani jinsi waya wa ndani ya pasi unavyoubania umeme, na tunaupima kwa omu. Kipimo hicho kina jina la Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyechapisha kanuni hii mwaka 1827. Sasa zidisha: 230 mara 5 ni 1,150. Hizo ni wati, nguvu ya pasi yako. Ikiwaka saa nzima bila kujizima, imekula uniti 1.15 za LUKU.

Sasa fikiria jioni, mtaa mzima unapika na umeme umekuwa mdogo. Volti zimeshuka hadi 184. Waya wa pasi ni uleule, omu 46. Gawanya 184 kwa 46: ampea 4. Zidisha 184 kwa 4: wati 736. Umeona? Volti zimepungua kwa moja ya tano tu, lakini nguvu imepungua kwa zaidi ya theluthi, kwa sababu volti zinaposhuka huzivuta na ampea. Ndiyo maana kanzu hainyooki, na pasi ni nzima kabisa.

Hesabu hii inafaa kwa vifaa vya joto: pasi, jagi la umeme, jiko la koili. Friji na feni vina mota, navyo vina hesabu yake.

Lakini ninalotaka sana ulishike leo ni hili. Jagi la maji linavuta ampea 10. Soketi imelegea, pini za plagi hazishiki vizuri, na pale zinapogusana pamezaliwa ukinzani mdogo tu, nusu omu. Ili kupata wati za pale, zidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu: 10 mara 10 ni 100, mara nusu ni 50. Wati 50! Hilo ni joto la solda ya fundi redio, limejificha ndani ya plastiki, ukutani kwako, karibu na pazia. Plagi inageuka rangi, inakuwa ya kahawia, inaanza kunuka. Na fyuzi ya ampea 13 haitakatika, kwa kuwa ampea ni zilezile 10. Fyuzi haijui kwamba kuna moto.

Usijaribu kupima ampea za ukutani mwenyewe. Soma kibandiko chini ya kifaa: chukua wati, gawanya kwa volti, unapata ampea zake. Ukichomeka pasi ile na jagi lile kwenye ekstensheni moja, ni ampea 15, na plagi yake ina fyuzi ya 13. Fyuzi hiyo ikikatika, tafadhali usiifunge kwa waya.

Leo maji yakishachemka, zima swichi, chomoa plagi, uiguse plastiki yake. Ikiwa ya moto, usiirudishe kwenye soketi hiyo. Mwite fundi umeme abadilishe.