Kujiamini Mezani: Maneno kwa Wachezaji wa Puli wa Kakamega

(Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vikundi vya vijana katika wadi za kaunti)



Kuanzia Lurambi hadi Mumias, kuanzia Malava hadi Butere, ni vigumu kupita kituo cha biashara usikute meza ya puli. Imewekwa chini ya paa la mabati, kitambaa chake cha kijani kimechakaa, na wahudumu wa bodaboda wameizunguka wakisubiri abiria. Ni mchezo wa watu wengi, ila hutajwa tu pale kunapozuka vurugu. Leo utajwe kama mchezo, na hasa jambo moja ambalo kila mchezaji analifahamu: mkono uliotii Jumanne asubuhi hukataa kutii Jumamosi jioni.

Jumanne kijana alikuwa na mwenzake mmoja tu, akaingiza mipira mitano mfululizo. Jumamosi umati umejaa, mpira mweusi uko kwenye mdomo wa mfuko, naye anaukosa. Watu husema hana moyo. Mara nyingi moyo anao. Asichokuwa nacho ni uhakika wa kile ambacho mkono wake unaweza kufanya, kwa sababu hajawahi kukihesabu.

Wengi hujaribu kuliziba pengo hilo kwa kelele. Wakaazi wa Shinyalu na Ikolomani wanalijua jambo hili kutoka uwanja wa mafahali. Fahali huletwa kwa isukuti na nyimbo za kumsifu, na mwenye fahali hutembea kifua mbele. Lakini pembe zikishakutana, ngoma haimsaidii kusukuma. Anayezidiwa hugeuka akakimbia, na pambano limekwisha. Majigambo ya mezani yana kazi kama ya ngoma hiyo. Yanachangamsha, pengine yanamtisha mpinzani mchanga. Hayaingizi mpira mfukoni.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hutokana na mambo manne: kufaulu mwenyewe, kuona wengine wakifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na jinsi mwili unavyojisikia. Akasema lenye nguvu kuliko yote ni lile la kwanza. Kwa mchezaji wa puli maana yake ni nyepesi: mpira alioingiza mara nyingi akiwa anahesabu humpa imani kuliko sifa za marafiki kumi.

Hapo ndipo tatizo la sarafu linapoingia. Meza zetu nyingi hufunguliwa kwa sarafu, na mpira wa rangi ukishazama haurudi mpaka sarafu nyingine. Kwa hiyo vijana hufanya mazoezi kwa kushindana tu, na hawarudii pigo moja mara mbili. Wanaotaka kujijenga wanaweza kutumia ujanja ufuatao. Mpira mweupe hauzami moja kwa moja. Hata ukiingia mfukoni, meza huurudisha. Basi mchezaji auweke katikati ya upande mmoja, aupige polepole uende hadi ukingo wa mbali, urudi na kugusa ncha ya fimbo yake. Ukirudi kando ya fimbo, mkono umepinda, au ameugonga mpira pembeni badala ya katikati. Zoezi hilo halimalizi mipira, na linafichua kosa ambalo mashindano hulificha kwa miaka. Baada ya hapo, mipira 15 ya rangi ni nafasi 15: aipange moja moja mahali pale pale, umbali ule ule, kisha aandike ameingiza mingapi. Akipata 12 leo na 12 kesho kutwa, hana haja ya kujiambia kwamba anaweza. Anajua.

Anayejua pia mpira mweupe utakwenda wapi hutulia zaidi. Ukipigwa ukafika ukiteleza bila kubingirika, ukagonga wa rangi kwa pembeni, mipira hiyo miwili huachana kwa pembe mraba hivi. Ukifika unabingirika, mweupe husonga mbele zaidi ya hapo. Mchezaji aliyeyaona hayo mara mia hafungi macho kuomba Mungu mweupe usizame.

Wapo pia wanaojiamini kweli, lakini kwenye meza moja tu. Jogoo wa shamba hawiki mjini, na methali hii kama ilitungwa kwa ajili ya puli. Meza nyingi zimesimama kwenye udongo usio sawa. Mwenyeji anajua kwamba mpira ukienda taratibu kuelekea mfuko wa kona huvutwa kushoto, na ushindi wake mwingi unatokana na kujua huko. Akipelekwa meza iliyonyooka huanza kulaumu fimbo. Dawa yake ni kutembea: Jumapili hii Khayega, nyingine Lubao au Navakholo, na kila anapofika, kabla ya kucheza, auviringishe mweupe taratibu katikati ya meza na kutazama unaegemea wapi. Hilo huchukua nusu dakika.

Mfano mzuri duniani ni Efren Reyes wa Ufilipino. Alilelewa Manila katika ukumbi wa puli wa mjomba wake, akifanya kazi za mikono humo na kulala juu ya meza, na kwa kuwa alikuwa mfupi alisimama juu ya makreti ya soda ili afikie mipira. Mwaka 1994 alishinda mashindano ya wazi ya Marekani, wa kwanza kufanya hivyo ambaye si Mmarekani, na mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia mjini Cardiff. Ni mtu mpole, asiye na majigambo. Kwa haki isemwe pia kwamba alianza kuchezea pesa akiwa mtoto. Lakini kwa kila Reyes mmoja wako maelfu waliochezea pesa na hawakuacha hata jina.

Kuhusu ile Jumamosi yenye umati, kuna utafiti wa kusaidia. Mwaka 2002 Mark Williams na wenzake wawili walichunguza macho ya wachezaji wa biliadi. Walikuta kwamba hodari hutuliza macho mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupiga kuliko wasio hodari, na kwamba wakiharakishwa, wote hukosa zaidi. Umati huharakisha. Basi mchezaji awe na utaratibu usiobadilika: chaki, pumzi, fimbo mbele na nyuma mara tatu, macho yatulie, apige. Utaratibu wa Jumanne uwe ndio wa Jumamosi.

Sasa pesa na pombe. Kijana wa bodaboda ambaye pikipiki yake bado ina mkopo anapoweka mezani mapato ya siku, hachezi tena na mpira. Anacheza na marejesho, unga na karo, na mkono hutetemeka kwa sababu una haki ya kutetemeka. Glasi ya kutuliza mkono humpa ujasiri wa kujaribu mapigo asiyoyaweza. Akipoteza huongeza dau ili arudishe, na anayemlipa deni hilo ni mtu aliye nyumbani ambaye hajawahi kushika fimbo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti burudani za umma, michezo, na leseni za biashara na za vileo. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inamkataza mwenye baa kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inaponywewa. Meza iliyo ndani ya baa, basi, si mahali pa mwanafunzi, hata kama amekuja kutazama tu. Mwenye meza anayetaka wateja wa kudumu anaweza kuiweka mahali pasipo pombe, na kuacha saa moja asubuhi wakati meza imelala wachezaji wafanye mazoezi kwa sarafu moja.

Na wasichana je? Uganda, jirani wa karibu kabisa na Kakamega, wanawake hushindania ubingwa wa taifa wa puli. Hapa ni nadra kumwona msichana ameshika fimbo, na sababu si mkono wake. Ni maneno anayotupiwa akiikaribia meza. Saa ile ya asubuhi, isiyo na pombe wala dau, ingekuwa nafasi yake pia, iwapo wenye meza na wachezaji wa kiume watakubaliana juu yake katika kila kituo.